Paa Likibonyea, Nyundo Aishike Nani?

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachonishangaza kila nikitazamapo, nacho ni kufua. Twafua nguo, twafua chuma, twafua nazi. Dobi, mhunzi na mama aliyesimama mbele ya kifuo, wote watatu kazi yao ni ya jina moja, ijapokuwa mmoja atumia maji, mwengine moto, na wa tatu ncha iliyochongwa. Wazee waliotuachia maneno haya hawakuwa masikini wa msamiati. Mimi huona, na wajuzi wanisahihishe, kwamba kazi zote tatu zataka nguvu yenye kipimo: ukizidisha, nguo yararuka, chuma chapasuka, na nazi yavunjika maji yakamwagika kabla hujafika jikoni.

Nimelianza neno hili kwa sababu mwaka jana nazi ilinipeleka kwa mfua bati, na njiani nikakutana na swali ambalo wenye magari wengi wa Pwani hukutana nalo: paa la gari likibonyea, je, mtu alinyooshe mwenyewe au ampelekee fundi?

Ndugu yangu mdogo, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi Mtwapa katika kiwanja chenye minazi kumi na mmoja. Alipokuwa hai hakuna nazi iliyojiangukia ovyo pale uani. Kila baada ya miezi mitatu humwita mkwezi, nazi zikaanguliwa, zikahesabiwa, nyengine zikauzwa na nyengine zikabaki za kupikia. Alipofariki alikuwa ameniusia niwe wasii wa mali yake. Aliacha mjane, mvulana wa miaka 16 na wasichana wawili wadogo. Shemeji yangu aliingia edani, na kwa muda wa miezi minne na siku kumi nyumba ile haikutaka wanaume wa kigeni uani, mkwezi akiwa mmoja wao. Gari la marehemu, Toyota Corolla nyeupe, lilikaa pale pale alipoliegesha kwa mkono wake. Nazi nazo zikakauka juu. Usiku mmoja wa upepo wa kusi, moja ikashuka.

Asiyejua uzito wa jambo hili na apige hesabu pamoja nami. Nazi kavu pamoja na makumbi yake hupita kilo moja kwa urahisi. Ikianguka kutoka mita 20, nao si urefu wa ajabu kwa mnazi mkongwe, hufika chini kwa kasi inayozidi kilomita 60 kwa saa. Bati la paa la gari la siku hizi unene wake ni milimita 0.7 au karibu na hapo. Kwa hivyo hakuna mshindani hapo. Nazi yenyewe haikupata hata ufa. Shemeji aliifua asubuhi, akaikuna, ikaingia katika wali wa mchana. Paa lilibaki na bonde la upana wa sinia, na katikati ya bonde, pale ilipotua ncha ya kumbi, palikuwa na mkunjo wa urefu wa kidole, na rangi imepasuka juu yake.

Eda ilipokwisha, ilikuwa ni wakati wa kuliuza gari na kugawa fedha pamoja na mali nyengine. Mnunuzi wa kwanza, mchuuzi wa magari, alilizunguka mara mbili, akapanda juu ya kizingiti cha mlango, akatazama paa, akashuka akisema atapunguza shilingi 40,000 kwa sababu ya lile bonde. Nikalipeleka kwa fundi wa bodi mmoja mjini. Yeye alitaka shilingi 22,000: ajaze pati, apige msasa, apulizie rangi paa zima, na akaniahidi kuwa hata mama mzazi wa gari hatatambua.

Hapo ndipo mvulana aliponijia. Alikuwa ametazama mambo haya katika simu yake, ambamo vijana wa leo husomea kila fani, akiwa ameona watu wakivuta bati kwa vikombe vya mpira na gundi ya moto. Zana zote, akasema, hazipiti shilingi 3,500.

"Ami," akaniambia, "hili ni gari la baba. Niache nilifanye mimi."

"Na likiharibika, mwanangu?"

"Nikiharibu, katieni fungu langu."

Jawabu hili lilininyamazisha kidogo. Mvulana amekwisha baleghe, na kwa lugha ya fiqhi yeye si yatima tena. Lakini dada zake ni mayatima, na mama yao ana thumni yake, na paa la gari haligawanyiki kwa mafungu hata tukasema upande huu ni wa kaka na ajaribu apendavyo, na upande ule ni wa dada zake na usiguswe. Mali ya namna hii, kila shilingi unayoitumia ni ya mtu mwengine, na kila shilingi unayoiacha ipotee ni ya mtu mwengine pia. Kutolitengeneza ni kupoteza 40,000. Kulitengeneza kwa yule fundi ni kulipa 22,000. Kumwachia kijana ni 3,500, au pengine ni hasara kubwa kuliko zote.

Nilikwenda Kisauni kwa fundi wa pili, mzee niliyeelekezwa na dereva mmoja wa teksi, ambaye karakana yake ni kivuli cha mkungu na makuti. Hakushika nyundo. Aliomba kitambaa chembamba, akakiweka chini ya kiganja chake, akapitisha mkono juu ya paa polepole kama apapasaye mgonjwa. Kisha akaingia ndani ya gari, akasukuma dari kwa vidole viwili, akasikiliza. Alipotoka alinipa somo ambalo napenda msomaji alipate bila ya kulipa nauli ya kwenda Kisauni.

Bati la paa, alisema, kiwandani hupewa mgongo, yaani halikulala sawasawa bali limeinuka kidogo katikati. Mgongo huo ndio nguvu yake, kama ganda la yai. Kitu kikiliangukia, sehemu kubwa ya bonde unaloliona haikuumia hata kidogo. Imepinda tu na inatamani kurudi. Kinachoizuia ni ule ukingo ulioinuka kuzunguka bonde na ule mkunjo wa katikati, kwa maana hapo ndipo bati lilipovutwa likapita mpaka wake, na chuma kilichovutwa hakirudi chenyewe kilivyokuwa. Hivyo basi bonde moja lina majeraha mawili: la mfungwa na la mfungaji. Mfungwa unaweza kumtoa kwa viganja. Mfungaji anataka fundi.

Na mtu atajuaje? Tazama rangi kwanza. Ikiwa haikupasuka wala kuota nyufa nyembamba kama za udongo wa chungu, aghalabu bati halikuvutwa sana. Pili, sukuma kutoka ndani taratibu. Likipanda likakaa, shukuru Mungu. Likipanda kisha likashuka tena kwa mlio wa "kop!", kama mfuniko wa debe la mafuta, basi limelegea, na kuligonga zaidi ni kulilegeza zaidi, kwani kila pigo la nyundo lisilo na kitu cha kulipokea upande wa pili hulinyoosha bati na kulifanya pana kuliko nafasi yake. Hapo ndipo wengi wanapolipoteza paa: walianza na bonde moja, wakamaliza na vilima kumi.

Fundi mwenyewe hulipokea pigo kwa kipande cha chuma kizito anachokishika kwa mkono wa pili, kikawa kama fuawe ndogo. Na bati lililolegea hulirudisha kwa moto. Hulichoma nukta moja ndogo kwa moto wa gesi mpaka iwe nyekundu, kisha hulipoza kwa kitambaa kilichorowa maji. Ile nukta inapopata moto hutaka kutanuka, lakini bati baridi lililoizunguka haliipi nafasi, basi hujikusanya ikawa nene. Ikipoa hujikunja na kulikaza bati zima. Sikupata kufikiri kwamba moto waweza kukipunguza chuma upana mpaka nilipoelezwa na mzee yule chini ya mkungu. Lakini moto huo huunguza rangi juu na kitambaa chini, na si mchezo wa kuchezea uani.

Nilimtajia zile hila za kwenye simu. Maji ya moto, alisema, hufaa kwa bampa za plastiki, kwa kuwa plastiki hulainika. Bati la chuma maji ya moto halilitambui. Mashine ya kukaushia nywele ikifuatwa na barafu hufanya kazi kwa bonde ambalo lingetoka hata kwa kusukumwa kwa mkono, na kwa jengine lolote ni kupoteza umeme. Kikombe cha mpira cha kunyonya ni kitu cha kweli, ila chataka bonde pana lisilo na mkunjo. Gundi ya moto ni ya kweli pia, na wako mafundi wanaoiishi, lakini ikiwa paa lilikwisha kupakwa rangi tena huku kwetu, gundi yaweza kung'oa rangi na pati pamoja, ikakuonyesha siri za mwenye gari aliyetangulia.

Kuna mahali ambapo alikataa hata kuzungumza. Bonde likifika kwenye ukingo wa paa, au nguzo ya mlango ikiwa imepinda, au mlango haufungi kama zamani, au kioo cha mbele kimefanya ufa kutoka juu, hilo si bonde tena. Paa ndilo linalowalinda walio ndani gari likibiringika, na nguzo zikishapinda kazi hiyo imeingia dosari ambayo pati haiwezi kuiponya. Na magari mengi ya miaka hii yana mifuko ya hewa iliyokunjwa ndani ya kingo za dari, pande zote mbili. Anayetaka kushusha dari na atoe nyaya za betri kwanza, asubiri dakika kadhaa, na asipige nyundo karibu na kingo hizo. Katika Peugeot 504 tulizokuwa tukizipanda zamani, dari lilikuwa ni kitambaa kilichotundikwa kwa vijiti vya chuma. Siku hizi ni ubao mmoja mwepesi uliofinyangwa, na ukiukunja umevunjika. Mtu aweza kuokoa bonde la juu akapata hasara ya dari chini.

Juu ya dari hilo kuna vyuma vilivyokwenda kutoka upande hadi upande, ambavyo mimi, kwa kuwa nimekulia karibu na gudi la majahazi, siwezi kuviita ila mataruma. Havishikani na bati kwa misumari bali kwa gundi laini. Bonde likiwa baina ya taruma na taruma, mkono wafika. Likiwa juu ya taruma lenyewe, hata taruma huwa limepinda. Letu, kwa bahati, lilikuwa baina.

Nikamuuliza bei. "Ustadhi," akasema, "mimi sichukui pesa kwa kitu ambacho mtoto aweza kukisukuma kwa viganja. Nendeni mkatoe lile bonde, kisha mniletee mkunjo. Mkunjo ni 6,500 pamoja na rangi ya pale pale palipoguswa. Paa zima mtafute mwengine."

Sikukubali papo hapo, kwa sababu kulikuwa na suala la pati, nalo lilinikaa moyoni kuliko la nyundo. Neno aibu, ambalo sisi twalitumia kwa haya na fedheha, katika Kiarabu cha fiqhi lina maana ya ila iliyo katika kitu. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vina mlango mzima juu ya bidhaa yenye aibu: muuzaji anayeijua hana budi kuitaja, na mnunuzi akiivumbua baadaye ana khiyari ya kukirudisha kitu. Chuoni tulisimuliwa jinsi Mtume alivyopita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikapata umaji ndani. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyesha. Akaulizwa mbona hakuyaweka yaliyorowa juu ili watu wayaone. Nilipokuwa mtoto nilidhani kisa kile kinahusu nafaka. Sasa nilikisikia upya, maana pati ni nini ikiwa si kuyaweka makavu juu?

Sisemi pati ni haramu. Fundi mwangalifu huitumia nyembamba, haipitishi milimita 3, baada ya bati lenyewe kunyooshwa karibu ya kuwa sawa, na hiyo ni kama ufundi wa seremala anayejaza mtai mdogo kabla ya kupiga rangi. Lakini yule wa kwanza hakuwa na nia ya kunyoosha. Alitaka kulijaza bonde zima la upana wa sinia, na pati nene juu ya paa linalochemka juani na kutetemeka barabarani hupasuka, maji ya masika yakaingia chini yake, na kwa hewa yetu hii ya chumvi kutu hufanya kazi gizani usiku na mchana. Mnunuzi angekwenda na paa zuri, na baada ya misimu miwili angelikuta limeoza. Ahadi ya kwamba hata mama mzazi wa gari hatatambua ndiyo iliyonitisha.

Nikarudi Mtwapa nikamwambia mvulana: bonde ni lako, mkunjo si wako, na zana hatununui. Uso wake ulikunjuka nusu.

Tulitoa nyaya za betri, tukaketi barazani tukanywa kahawa mpaka tukamaliza bilauri mbili. Tulifungua taa ya ndani, vizuia jua na vishikio, tukavuta mpira wa milango upande mmoja, dari likashuka kiasi cha mkono kupita. Kazi hii ilichukua saa mbili, na mara kadhaa nilisikia mlio wa plastiki ulionifanya nivute uradi. Gari lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi, jambo ambalo fundi alilishauri, si kwa sababu ya chuma bali kwa sababu ya rangi, ambayo ikiwa ya moto haina wepesi wa kupasuka. Mvulana akalala chali juu ya viti, nami nikasimama nje nikitazama kivuli cha ukuta kilivyopinda katika rangi, maana kivuli kilichonyooka huonyesha kisichoonekana na jicho.

Fundi alikuwa ametuambia kilichoingia kwanza kitoke mwisho. Katikati ndipo nazi ilipogonga mwanzo, basi katikati huguswa mwisho. Huanza ukingoni, pande zote, kidogo kidogo. Mvulana alisukuma kwa viganja, nami nikimwongoza: "Kushoto. Zaidi. Basi." Vijana husemwa hawana subira, lakini nilimsikia akipumua polepole kama mtu aliye katika sala. Mara ya nne kuzunguka, bati likatoa sauti nzito, bonde zima likapanda kwa pamoja, na kivuli cha ukuta kikanyooka isipokuwa pale kwenye mkunjo, ambapo kilivunjika kama shairi lililopungua mizani.

Akatoka, akatazama, akapapasa. Kisha akataka aguse mkunjo nao, kwa kipande cha mti alichokifunga kitambaa. "Umebakia kidogo tu, Ami." Nilimkatalia. Hakusema kitu, lakini alikirusha kile kipande cha mti mpaka kwenye kiunga.

Kule Kisauni fundi alimaliza asubuhi moja. Mkunjo haukuhitaji moto. Aliufua kwa nyundo ndogo na ile fuawe yake ya mkononi, mapigo mepesi mengi, akapaka pati nyembamba ambayo nilimwomba nione unene wake, akapulizia rangi ya kuzuia kutu na nyeupe juu yake. Rangi mpya juu ya rangi iliyopigwa na jua miaka mingi haikubali kufanana, na kibandiko cha upana wa kisahani kilibaki kikionekana kwa anayejua pa kutazama. Mvulana hakufurahi. Alitaka paa zima lipakwe, gari la baba yake liondoke bila ya kovu. Nilimweleza kwamba kovu lile ni 15,500 pungufu kuliko paa lisilo na kovu, na kwamba dada zake wamo ndani ya hesabu hiyo. Alisema ameelewa. Sina hakika kama alikubali.

Aliyelinunua ni mwalimu wa skuli kutoka Kilifi. Alikuja na sumaku ndogo aliyoifunga katika leso, hila nzuri ambayo nawapendekezea wanunuzi wote, kwa maana sumaku hushika bati na hulegea penye pati. Nilimwonyesha mahali kabla hajaitoa mfukoni, nikamwambia nazi, mkunjo, na unene. Alipitisha sumaku yake hata hivyo, paa zima, mara mbili. Alipunguza shilingi 8,000, tukapeana mikono.

Fedha ziligawanywa siku ya pili yake: thumni ya mjane, na baki mafungu manne, mvulana mawili na kila msichana moja. Nilipokuwa nikiondoka mvulana alinisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza kama yule fundi wa Kisauni huchukua wanafunzi siku za likizo. Nikamwambia amuulize mama yake kwanza.